"Pick up" inanitesa: mume wa mgeni kaokota mdudu gani?

Shikamooni walimu wa safu hii,

Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, dawati la kupokea maombi ya wageni. Kiingereza changu ni cha kidato cha sita. Nasoma na kuandika bila shida kubwa, ila kuna neno moja linanitesa: "pick up". Kila siku linakuja kwenye barua pepe na WhatsApp, na kila likija lina sura nyingine.

Mgeni mmoja anaandika "Please pick us up from JRO", hilo naelewa. Mwingine: "My husband has picked up a stomach bug." Kamusi yangu ndogo inasema pick up ni okota na bug ni mdudu, nikabaki najiuliza mume ameokota mdudu gani. Wakala mmoja wa Uingereza akaandika "Things should pick up in June", halafu akamalizia "Let's pick this up on Monday." Nikamuuliza mzigo wenyewe uko wapi na dereva aufuate saa ngapi. Hajanijibu hadi leo.

Nimenunua kitabu cha vitenzi mia tano vya namna hii, vile vinavyoitwa phrasal verbs, nimekariri hadi herufi M, lakini nikikutana na barua naganda vilevile. Juzi bosi amenionyesha ujumbe niliomtumia mgeni: "Our driver will pick up you at 12 in the morning. If you call, he will pick." Akasema una makosa matatu. Mimi naliona moja tu. Nitajuaje maana ipi ni ipi? Na kwenye vocha niandike pickup, pick-up au pick up?

Dawati la Wageni, Arusha

*

Marahaba, dada.

Tuanze na ujumbe wako, maana makosa hayo matatu tunayaona kwenye madawati mengi kuliko lako. Ungeandika hivi: "Our driver will pick you up at 6:00 am. If you call, he will pick up."

Kosa la saa ni jepesi kulieleza, ila ndilo la hatari kuliko yote. Ulifikiria saa kumi na mbili asubuhi, ukaandika 12. Mgeni akisoma "12 in the morning" anaelewa usiku wa manane, na akiwa ni mtu wa kuogopa kuchelewa utamkuta mapokezi na mabegi yake wakati dereva wako yuko usingizini. Muda wowote unaomwandikia mgeni ugeuze kwanza kichwani, kisha uweke am au pm bila kukosa.

La pili ni "he will pick". Hapa una wenzako wengi. Kampala, Nairobi, Arusha, watu husema "pick my call" na "I'll pick you at six" na wanaelewana vizuri tu. Ni Kiingereza cha ukanda wetu, na mkiwa wenyewe hakuna sababu ya kukionea haya. Lakini kwa mgeni wa Manchester au Toronto, "pick" tupu ni kuchagua, au kuchuma kama kahawa inavyochumwa. "The driver will pick you" kwake ni kwamba dereva atakuchagua wewe. Atang'amua ulichokusudia, ila kwanza atasita, na kwenye ujumbe wa safari hutaki mgeni asite. Kwa hiyo "up" isidondoke. Kwenye habari za simu, "pick up" inajitegemea, haihitaji kitu baada yake: "I called twice but nobody picked up." Ukitaka kutaja simu yenyewe unaweza kusema "pick up the phone". Kwa "my call", tumia "answer": "He didn't answer my call."

La tatu ndilo lenye kanuni, na kanuni hiyo ukiishika itakusaidia kwenye mamia ya vitenzi vingine, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

"Pick up" ni maneno mawili yanayokubali kutenganishwa. Kinachochukuliwa kikiwa ni nomino, una uhuru: "pick up the guests" ni sawa, "pick the guests up" ni sawa. Kikiwa ni kiwakilishi, yaani me, you, him, her, it, us au them, uhuru unaisha. Lazima kikae katikati: "pick them up", "pick it up", "pick you up". "Pick up you" haipo. Mswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yake hufanya jambo la jirani: tunasema "nitakuchukua", na ile "ku" imebanwa ndani ya kitenzi, huwezi kuitoa ukaiweka mwishoni. Unapotaka kuandika kiwakilishi cha Kiingereza, kumbuka "ku", "m" na "wa" zinakaa wapi, nawe ukibane hivyo hivyo kati ya pick na up. "This" na "that" zikisimama peke yake nazo hupenda katikati, ndiyo maana wakala wako aliandika "pick this up".

Kuna upande wa pili wa kanuni ambao vitabu vingi huupita haraka. Nomino ikiwa ndefu, usiiweke katikati. "Pick the two guests who missed the shuttle from Nairobi up" si Kiingereza cha kumtumia mtu, kwa sababu "up" inafika wakati msomaji ameshasahau kuwa anaisubiri. Andika "Please pick up the two guests who missed the shuttle from Nairobi." Kwa kazi yako, kipimo cha kutosha ni hiki: maneno mawili au matatu yanaweza kukaa katikati, yakizidi hapo yapeleke nyuma ya "up".

Kwenye kauli ya kutendwa, ambayo wewe utaitumia sana, "up" inabaki imeshikana na "picked": "You will be picked up from your hotel at 6:00 am." Angalia na vihusishi: mahali pa kuanzia ni "from" au "at", muda ni "at". Mahali pa kwenda hapaingii. Kiswahili kinaruhusu "nitakuchukua hadi uwanja wa ndege", na kutoka hapo watu huandika "I will pick you up to the airport", ambayo mgeni ataiona imevunjika. "Pick up" inaishia mgeni anapoingia garini. Safari yenyewe inataka kitenzi chake: "We will pick you up from the hotel and take you to the airport."

Na kwa kuwa umetaja JRO: hiyo ni KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, kilomita 50 hivi kutoka mjini, na wageni wengi huijua kwa herufi hizo za tiketi. Akikuandikia "pick us up from Arusha airport" usimtume dereva kabla ya kuuliza, kwani anaweza kuwa anakusudia KIA, au uwanja mdogo wa Kisongo wenye herufi ARK. Muulize herufi tatu zilizo kwenye tiketi yake.

Sasa maana. Umekwama kwa sababu kitabu chako kimekupa neno moja la Kiswahili kwa kila kitenzi. Hakuna neno moja. Kwa "Please pick us up" Mswahili angesema "tupitieni" au "mje mtuchukue". Kwa simu ni "pokea". Kwa biashara ni "changamka". Kwa mtandao ni "kamata". Mkariri "pick up = okota" ana ufunguo wa mlango mmoja tu. Badala ya kuuliza "pick up maana yake nini", uliza maswali mawili: nani au nini kinafanya, na je, kuna kinachotendwa? Majibu ya hayo mawili yatakufikisha kwenye maana karibu kila mara.

Tuanze na sentensi zisizo na kinachotendwa, kwa kuwa ndizo zilizokuchanganya. "Things should pick up in June." Nani anafanya? "Things", yaani hali, mambo. Anachukua nini? Hakuna. Hapo maana ni kuongezeka baada ya kuwa chini. Wakala alikuwa anakuambia kwamba masika yakiisha biashara itachangamka, jambo unalolijua kuliko yeye. "Bookings are picking up" ni maombi yanaongezeka. "Sales picked up" ni mauzo yalipanda. Usidhani ni habari njema siku zote. "The wind is picking up" ni upepo unazidi, na nahodha wa jahazi Zanzibar akiambiwa hivyo hafurahi. Maana ya msingi ni kuzidi, na uzuri au ubaya unatokana na kinachozidi. Simu tuliyoitaja, "nobody picked up", nayo haina kinachotendwa, ila pale anayefanya ni mtu. Mtu bila kitu ni simu. Jambo bila kitu ni kuongezeka.

Kinachotendwa kikiwepo, kiangalie ni cha aina gani. Kikiwa kitu cha kushikika kilicho chini, ni okota au nyanyua. Kikiwa mtu, pamoja na mahali au muda, ni kumpitia. Kikiwa kitu ambacho mtu hashiki kwa mkono, kama lugha, ugonjwa, tabia au ufundi, maana ni kukipata bila kukiendea rasmi. "I picked up a little Swahili in Zanzibar" ni kwamba alikaa na watu, maneno yakamwingia, hajasoma darasani. Tuna "Kiswahili cha kuokoteza", na hiyo iko karibu, ila yetu ina dharau kidogo na ya Kiingereza haina. Kwa sababu hiyo usiandike kwenye wasifu wako wa kazi "I picked up accounting at college". Ulichosomea ukapewa cheti ni "studied". Kijerumani ulichokipata kwa wageni, hicho sema "picked up" bila wasiwasi.

Ugonjwa huingia hapo hapo. "Stomach bug" ni kijidudu cha tumbo kisichoonekana, na "picked up" inasema kimempata mahali fulani bila yeye kujua. Sentensi kama aliyokuandikia mgeni wako haimlaumu mtu. Ingekuwa "picked up a stomach bug at the lodge", hapo mahali pameshatajwa na watu wa jikoni wanapaswa kuambiwa. Jibu lake ni la kiutu na la kikazi kwa pamoja: "Sorry to hear that. Does he need to see a doctor? We can move tomorrow's start to 9:00 am." Kitenzi hiki huenda na magonjwa ya kuambukizwa, mafua, homa, tumbo. Huwezi "pick up a headache". Kwenye fomu ya bima au ya daktari usikitumie kabisa, kwa kuwa ni cha mazungumzo. Andika "has malaria" au "contracted malaria". Watangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza nao wanacho: "picked up an injury", "picked up a yellow card", "picked up three points". Zote ni kupata njiani, wakati shughuli inaendelea. Kama unaangalia mpira kwa Kiingereza, hilo ni darasa la bure kila Jumamosi.

Kifaa kikiwa ndicho mtendaji, ni kunasa: "My phone isn't picking up the Wi-Fi" ni simu haikamati.

Na mazungumzo, kazi au mada ikiwa ndicho kinachotendwa, ni kuendeleza palipoishia. "Let's pick this up on Monday" ni "tuendelee na hili Jumatatu". Mara nyingi huja kama "pick up where we left off". Wakala wako bado unaweza kumrudia, tena kwa sentensi mbili tu: "Apologies for the confusion in my last message. Monday works for us. Would 10:00 am East Africa Time suit you?"

Sasa mitego ya fedha, ambayo kwa dawati lako ina uzito kuliko mengine yote.

"We'll pick up the bill" haina maana ya kwenda kuichukua bili kaunta. Ni "tutalipa sisi". Mmarekani anaweza kusema "pick up the tab" au "pick up the check", ni hilo hilo. Katika barua za mawakala hukaa kwenye sentensi ndefu isiyovutia macho: "In case of a flight delay, you will need to pick up the cost of the extra transfer." Hapo umeambiwa gharama ni yako. Ukiisoma kwa "okota" na kujibu "OK, noted", umeshakubali. Kila uonapo pick up pamoja na bill, cost, tab, check au expenses, simama, uliza nani analipa, na umwonyeshe bosi kabla ya kujibu.

Mtego wa pili ni kununua. "Could you pick up some water on the way?" Mgeni anaomba dereva anunue maji. "Could you pick up our laundry on the way?" Anaomba nguo zake zilizoko kwa dobi zichukuliwe. Kitenzi ni kile kile. Tofauti iko kwenye neno dogo lililo mbele ya kitu. "Some" au "a", kitu bado si cha mtu: kinanunuliwa. "The", "my" au "our", kitu kina mwenyewe tayari: kinachukuliwa. "Pick up a SIM card" ni nunua laini; "pick up my SIM card" ni laini yake iliyoko mahali fulani. Kipimo hiki hakikosei mara nyingi, lakini kwa fedha usibahatishe. Jibu "Happy to. Shall we add it to your bill?" na jambo litakuwa wazi bila kumuudhi mtu.

Mtego wa tatu tuuseme kwa kifupi na bila aibu. "Pick up" ya mtu, bila mahali wala muda, hasa mwanamume akiongelea wanawake asiowajua, ni kutongoza hadi kuondoka naye. Dereva anayejitambulisha mtandaoni "I pick up women tourists every day" amejiharibia jina. Aandike "I do airport transfers" au "I collect guests from the airport". Ukitaja abiria, mahali na saa, maana hiyo haiingii, kwa hiyo usiogope kutumia kitenzi chenyewe. Vilevile "He was picked up by the police" si lifti; amekamatwa.

Kuna pia "pick up on", yenye maneno matatu, ambayo ni kugundua jambo dogo: "Thanks for picking up on the wrong date." Hii haitenganishwi, kitu hukaa mwisho daima.

Kuhusu vocha. Kitenzi huandikwa maneno mawili siku zote: "We will pick you up." Nomino, au neno linaloeleza nomino, huandikwa neno moja au kwa kistari: "Pickup time: 6:00 am", "pick-up point". Wamarekani hupendelea pickup, Waingereza wengi pick-up. Chagueni mtindo mmoja ofisini na mshikilie huo kwenye vocha zote. Ukisitasita, jaribu kuipeleka sentensi kwenye wakati uliopita. Ikigeuka "picked up", ni kitenzi, tenganisha. "We will pickup you" ina makosa mawili katika neno moja.

Matamshi nayo hufuata mgawanyo huo. Nomino ina mkazo mwanzoni, PICKup, na ndiyo iliyotupa pikapu ya kubebea mizigo. Kitenzi kina mkazo kwenye UP. Maneno hayatamkwi yakiwa yameachana: "pick up" hutoka pikap, "pick it up" hutoka pikitap, "picked up" hutoka piktap. Ile "ed" ni t tu. Ukisema pikedi umeongeza silabi isiyokuwepo, na wewe mwenyewe hutaisikia pale mgeni atakapoisema kwa kasi. "Pick him up" h humezwa, inakuwa pikimap, na "pick them up" kwa haraka inaweza kuwa pikemap. Kwenye simu yenye kelele huwezi kuzitofautisha. Mgeni mmoja au kundi zima? Uliza: "Is that one person or more?"

Tumekuja kwenye namna ya kujifunza. Kitabu cha mia tano kisitupwe, kiwe cha kurejea tu. Ubaya wa kukikariri kwa alfabeti ni kwamba pick on, pick out na pick up vinaingia siku moja, vinafanana sura, na vinagongana. Chukua kitenzi kimoja kwa wiki, kutoka kwenye kazi yako mwenyewe.

Fungua barua pepe ya kazi, tafuta "pick", kisha "picked", kisha "picking", kila moja peke yake, kwa sababu visanduku vingi vya barua havikuletei maumbo yote kwa mkupuo. Fanya hivyo na WhatsApp. Nakili sentensi kumi hadi kumi na tano nzima nzima kwenye daftari. Ukinakili kipande umetupa ushahidi, maana maana iko kwenye maneno ya pembeni. Pigia mstari anayefanya, zungushia duara kinachotendwa, na upande wa kulia andika Kiswahili cha sentensi yote, kile ambacho ungemwambia dereva. Kama Kiswahili chako kina "okota" mara kumi, rudia.

Kesho yake funika upande wa Kiingereza, soma Kiswahili, uandike Kiingereza. Rudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kwenda Kiswahili kuelekea Kiingereza ni kugumu na ndiko kunakofunza. Kusoma Kiingereza na kutikisa kichwa kwamba unaelewa hakukupi sentensi siku unayoihitaji.

Kwa kila sentensi yenye kinachotendwa, itoe kwa sura nne, kwa sauti: "Pick up the guests at six. Pick the guests up at six. Pick them up at six. They'll be picked up at six." Jirekodi kwa simu, sikiliza kama "up" imeshikana na neno linaloitangulia au imeachwa inaning'inia. Robo saa kwa siku inatosha. Watu wengi huiacha sura ya tatu kwa kuwa ni fupi na inaonekana rahisi, na ndiyo iliyokutoa jasho wewe.

Utakapohitaji kamusi, tumia kubwa ya wanafunzi, si ndogo ya mfukoni. Fungua "pick", shuka hadi mwisho wa maelezo yake. Vitenzi vya maneno mawili hukaa hapo chini kwa mpangilio wa alfabeti. Utakuta sb au somebody kwa mtu, sth au something kwa kitu. Kamusi nyingi huweka mshale wenye vichwa viwili kabla ya "up". Mshale huo unakuambia kitenzi kinatenganishwa. Palipoandikwa "pick up" tupu, bila sb wala sth, hakuna kinachotendwa. Sentensi yako ikiwa haina kinachotendwa, ruka zote zenye sb na sth, na maana zitakazobaki utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wiki ijayo chukua "drop off", kwa kuwa inaambatana na hii kila siku kazini. Kiwakilishi kinakaa katikati vilevile: "drop us off at the gate". Hapa ukanda wetu haukosei sana, kwani hata Mwingereza husema "drop me at the station" bila "off" akitaja mahali. Bila kinachotendwa, "bookings drop off in April" ni maombi yanapungua, kinyume cha pick up. Na mzazi akikuandikia "The kids dropped off before we reached the gate", usimrudishe dereva njiani. Watoto wamelala.